Ofisa kijana na lugha ya watu



Ukisikia kwamba luteni au kapteni amepelekwa ng'ambo kusoma, haraka unafikiria shabaha, gwaride na ramani za vita. Ndivyo tulivyozoea. Maofisa wengi wa Afrika Mashariki wamepitia vyuo vya kijeshi vya Uingereza, China, India na Marekani, wakarudi na vyeti vya fani yao. Lakini ipo aina nyingine ya masomo ambayo haizungumzwi sana kwetu. Ofisa kijana huwekwa kando na kikosi chake kwa muda wa miaka mitatu hivi, akafundishwa lugha ngeni mpaka aimudu, kisha akaenda kuketi kwenye benchi la chuo kikuu cha kiraia, katika nchi ya watu, akifundishwa kwa lugha ya watu hao. Leo tuitazame habari hiyo, kwa sababu ina funzo kwetu.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa mfuko wa Olmsted wa Marekani. Mwanzilishi wake, George Olmsted, alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1922, akaingia katika biashara ya bima, na Vita Kuu ya Pili ilipokuja akarudi jeshini na kutumikia China. Alifikia cheo cha meja jenerali. Imani yake ilikuwa kwamba ofisa anayejua silaha tu, bila kuwajua watu atakaokutana nao, ni ofisa nusu. Mwaka 1957 alianzisha mfuko wake, na kuanzia mwaka 1959 mpango wa kuwasomesha maofisa ukaanza. Tangu hapo mamia ya maofisa wa nchi kavu, wanamaji na wanaanga wamepita humo. Olmsted mwenyewe alifariki mwaka 1998, lakini mpango haukufa naye.

Masharti yake yanastahili kuelezwa. Mwombaji lazima awe ofisa aliye kazini, aliyetumikia kamisheni yake si chini ya miaka 3 na si zaidi ya miaka 11. Maana yake ni luteni mzoefu, kapteni, au aliyeanza kunusa cheo cha umeja. Aliye chini ya hapo hajaijua kazi. Aliye juu ya hapo amekwisha kukomaa na fikira zake. Hupewa mtihani wa kupima kipaji cha lugha, na sehemu kubwa ya mtihani huo hutumia lugha ya kubuni isiyosemwa na mtu yeyote duniani. Hivyo hakuna wa kujivunia kwamba aliijua tangu kwa mama yake. Kinachopimwa ni sikio na akili ya kukamata kanuni mpya.

Akichaguliwa, huanza na lugha. Wengi hupitia chuo cha lugha cha jeshi kilichoko Monterey, California. Chuo hicho kilizaliwa San Francisco tarehe 1 Novemba 1941, katika jengo la kuhifadhia ndege, kikiwa na walimu 4 na wanafunzi 60, karibu wote vijana wa Kimarekani wenye asili ya Kijapani. Walikuwa wakisomea Kijapani. Wiki tano baadaye Japani ilishambulia Pearl Harbor. Aliyekianzisha alijua kwamba lugha haifundishwi siku ya vita. Siku ya vita umekwisha kuchelewa. Hata leo ratiba ya chuo hicho inasema hivyo hivyo: Kihispania huchukua wiki 36, na Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea huchukua wiki 64 kila kimoja. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima wa kukaa darasani tangu asubuhi, bila kazi nyingine.

Baada ya hapo ndipo safari inapoanza. Ofisa huhamia katika mji wa kigeni pamoja na familia yake, na mwenzi wake pia husaidiwa kujifunza lugha. Mshahara wa jeshi unaendelea, na mfuko huongeza fedha za masomo na za kusafiri katika eneo hilo. Masomo hayawi ya Kiingereza, kwa hiyo London na Sydney hazimo katika hesabu. Anapanga nyumba mtaani, anapanda basi na wenzake, anabishana na mwenye duka juu ya bei, anasikia darasani nchi yake ikisemwa vibaya kwa lugha ambayo sasa anaielewa. Wazee walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Hapa serikali inamlipa mtu ili akaone.

Sasa tuulize: faida yake imeonekana wapi?

Mtazame John Abizaid. Alipokuwa ofisa kijana mwishoni mwa miaka ya 1970, alikwenda kwa ufadhili huo Amman, katika Chuo Kikuu cha Jordan. Mwaka 2003 akawa mkuu wa kamandi ya Marekani inayosimamia eneo la Mashariki ya Kati, wakati Iraki imekwisha kuvamiwa. Julai mwaka huo, huku wakubwa wa wizara ya ulinzi wakilikwepa neno lenyewe, Abizaid aliwaambia waandishi wa habari kwamba majeshi yake yanakabiliwa na vita vya msituni vya aina ile inayojulikana tangu zamani. Alikiita kitu kwa jina lake. Lakini tusidanganyane. Vita havikukoma kwa sababu jenerali mmoja alijua Kiarabu. Uamuzi wa kuvamia ulikuwa umepita, na ulifanywa na watu wengine. Ujuzi wa ofisa ni kama taa ya baiskeli: humwonyesha njia anayeendesha, haichagui pa kwenda.

Mtazame na mwingine, Robert McFarlane wa kikosi cha marine. Yeye alisoma Geneva kwa ufadhili huo huo katika miaka ya 1960, akapanda hadi kuwa mshauri wa usalama wa Rais Reagan kuanzia mwaka 1983 mpaka 1985. Kisha likaja sakata la kuiuzia Iran silaha kwa siri, na mwaka 1988 alikiri mahakamani kosa la kulificha Bunge habari. Alisamehewa na Rais Bush mwaka 1992. Masomo mazuri hayampi mtu dhamiri asiyokuwa nayo, wala hayamzuii mwenye dhamiri kuteleza.

Na upo upande wa pili wa barabara, ambao unatuhusu sisi zaidi. Marekani ina chuo kingine cha lugha, katika kambi ya Lackland, Texas, ambako maofisa wa nchi nyingine hufundishwa Kiingereza. Kapteni Amadou Sanogo wa Mali alipita hapo. Machi 2012 Sanogo aliongoza mapinduzi yaliyomwondoa rais aliyechaguliwa. Sitaki kusema darasa la Kiingereza ndilo lililompindua rais. Ninachosema ni kwamba mtoa ufadhili hupanda mbegu asiyojua itaota nini, na mpokeaji naye hana budi kujua anachokwenda kuchukua.

Tuzitofautishe basi safari hizi mbili. Ofisa wa Olmsted hutoka kwa mkubwa kwenda kujifunza lugha ya mwingine, ili amjue mwingine. Ofisa wetu mara nyingi hutoka kwetu kwenda kujifunza lugha ya mkubwa, ili afunzwe mambo ya mkubwa. Wote wawili wamepata ufadhili, wote wana picha za kumbukumbu ukutani. Lakini mmoja amerudi akimjua jirani wa mbali, na mwingine amerudi akimjua mfadhili.

Na sisi majirani tunao. Mwaka 2013 askari wa Tanzania waliingia Kongo Mashariki katika brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Kule Goma walikutana na watu wanaosema Kiswahili, ingawa si kile cha Dar es Salaam. Ile ilikuwa bahati ya historia, hatukuigharamia. Lakini jeshi la Kongo linatumia pia Kifaransa na Kilingala, na huko bahati yetu inaishia. Mwaka 2021 majeshi ya nchi za kusini mwa Afrika, ya Tanzania yakiwamo, yaliingia Cabo Delgado, Msumbiji. Kimakonde kinavuka mto Ruvuma bila pasipoti, lakini amri, ramani na nyaraka za serikali huko ni za Kireno. Na Juni 2024 polisi wa Kenya walitua Port-au-Prince, Haiti, ambako mtu wa mtaani husema Krioli. Raia anayekimbia risasi hana muda wa kumsubiri mkalimani.

Jambo hili si geni kwetu. Waingereza walipounda King's African Rifles mwaka 1902, ofisa wao kijana alitakiwa ajifunze Kiswahili na kukifanyia mtihani, la sivyo angewaamrishaje askari wake? Mkoloni hakufanya hivyo kwa mapenzi. Alifanya kwa sababu alijua kwamba anayemtegemea mkalimani humtawala mkalimani tu. Wengine hubaki hawajaelewa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, nashauri mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu vikuu na majeshi yetu vipange nafasi chache kila mwaka, hata tano tu, za maofisa vijana kwenda kusoma Maputo kwa Kireno, Addis Ababa kwa Kiamhari, Kinshasa kwa Kifaransa. Gharama yake haifikii bei ya gari moja la deraya. Pili, tuwapokee wa kwao. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu Februari 2022. Kapteni wa Angola au Ethiopia akisoma Zanzibar miaka miwili, atakuwa balozi wetu asiyelipwa. Tatu, na hili ndilo gumu, ofisa aliyekwenda kusoma lugha asirudi akakuta wenzake wamempita vyeo kwa sababu hakuwapo kikosini. Hata Marekani wanahangaika na tatizo hilo. Ukimwadhibu aliyejifunza, mwakani hutapata mwombaji, au utapata yule ambaye kikosi kilikuwa kinamtafutia njia ya kumwondoa.

Bunduki huagizwa, ikafika kwa meli baada ya miezi michache. Ofisa anayeweza kukaa na mzee wa kijiji cha nchi jirani, akamsikiliza na kumwelewa kabla risasi ya kwanza haijalia, huyo haagizwi. Hulelewa, na malezi yake huanza akiwa bado na nyota mbili begani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.