Kuifuata Timu Ugenini

Jumamosi ya Machi 30, 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns walitoka sare ya bila kufungana Uwanja wa Benjamin Mkapa, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Marudiano yalikuwa Pretoria, Ijumaa ya Aprili 5. Kwa mwenye tiketi ya ndege, siku sita zinatosha na kubaki. Kwa anayekwenda kwa basi ni hesabu nyingine kabisa: Morogoro, Iringa, Mbeya, mpaka wa Tunduma, Zambia, Zimbabwe, kisha daraja la Beitbridge, zaidi ya kilomita elfu tatu za kukaa kitini. Wapo Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, waliokwenda hivyo hivyo.

Wengi hudhani umbali ndio unaomshinda shabiki. Kinachomshinda hasa ni kalenda. Droo ya robo fainali ile ilichezeshwa Machi 12, wiki tatu hazijatimia kabla ya mechi ya kwanza. Ndani ya muda huo mtu aombe ruhusa kazini, atafute pasipoti kama hana, achanje homa ya manjano apate kadi, na akusanye nauli. Ndipo matawi ya mashabiki yanapoonyesha umuhimu wake. Tawi lililo hai huwa na watu wanaojuana, wanaochanga kidogo kidogo, na kiongozi anayejua nani ana pasipoti na nani anasubiri. Shabiki wa peke yake anayeanza kuulizia baada ya droo, mara nyingi mechi huishia kuitazama kibandani.

Halafu kuna suala la viza. Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa ziara fupi, wala Zambia, na ndiyo sababu Pretoria, pamoja na urefu wa njia yake, hufikika kuliko miji ya Kaskazini mwa Afrika. Hakuna basi la Cairo. Kule ni ndege, viza na hoteli, na bei zake humpunguza shabiki wa kawaida kabla hata ya kufika kwenye geti la uwanja.

Waliofika Uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, siku ile waliona kitu ambacho bado kinabishaniwa vijiweni. Stephane Aziz Ki alipiga shuti, mpira ukagonga mwamba, ukadunda chini kwenye mstari. Yanga wakaamini ni goli, mwamuzi hakulikubali. Mechi ikaisha 0-0, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Raha na karaha ya kuwa jukwaani ni hiyo: aliye nyumbani huonyeshwa tukio mara kumi kwa marudio, aliye uwanjani huliona mara moja tu, lakini atasema aliliona kwa macho yake, na huwezi kumbadilisha.

Safari tamu kuliko zote kwa mashabiki wa mabasi pengine ni ya Kigali, Septemba 2023. Al Merrikh ya Sudan, kwa sababu ya vita vya kwao, iliwapokea Yanga kwenye Uwanja wa Pele. Wenyeji walikuwa wageni, na wageni wakageuka wenyeji. Mabasi yalipita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi Rusumo, kwenye mto Kagera, ambako Tanzania na Rwanda zina kituo cha pamoja cha forodha, kwa hiyo hakuna kupanga foleni mara mbili. Uwanja wenyewe uko Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kinasikika tangu zamani. Mtu aliagiza chapati bila kutafuta mkalimani. Kennedy Musonda na Clement Mzize wakafunga, 2-0.

Algiers ilikuwa kinyume chake. Mei 28, 2023, Yanga walifungwa nyumbani 2-1 na USM Alger kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Rais Samia Suluhu Hassan akatoa ndege ya kuwapeleka wachezaji na mashabiki. Juni 3, Djuma Shaban akafunga penalti mapema, na kipa Djigui Diarra akaokoa ya wapinzani. Yanga walishinda 1-0 ugenini, na kombe likabaki Algeria, kwa kuwa jumla ilikuwa 2-2 na wenzao walikuwa na magoli mengi ya ugenini. Ulaya sheria hiyo ilifutwa mwaka 2021. Shabiki aliyesafiri kutwa nzima angani, akaiona timu yake ikishinda fainali na bado akakosa kombe, ana haki ya kununa.

Zamani hata mipango ya namna hiyo ya kuwasafirisha mashabiki haikuwepo. Mwaka 1979 Simba walichapwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa Dar es Salaam. Wakaenda Lusaka, wakashinda 5-0. Treni ya TAZARA ilikuwa tayari inakwenda Zambia, lakini baada ya kipigo kama kile, nani wa kukata tiketi? Mechi iliyokuja kusimuliwa kwa miongo kadhaa iliwakuta Wanasimba wengi wakiwa nyumbani.

Simba, Wekundu wa Msimbazi, wamepata safari yao ya ajabu hivi karibuni. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2025 ilianzia Berkane, mashariki mwa Morocco, ambako walilala 2-0 Mei 17. Marudiano yangekuwa kwa Mkapa, mpaka CAF ilipoyahamishia Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Ghafla mkazi wa Temeke mwenye mechi ya nyumbani akajikuta anatafuta tiketi ya boti na mahali pa kulala Unguja, na uwanja wenyewe ni mdogo mara kadhaa kuliko alioupoteza. Joshua Mutale alifunga mapema, na kwa muda watu waliamini. Berkane walisawazisha dakika za mwisho na kuondoka na kombe, na Wanasimba wa Dar wakarudi bandarini kuvuka bahari kwenda kwao.