HABU YA 'BUKU KUMI' ILIVYONIUMBUA MBELE YA WANAKWAYA!

Leo najianika mwenyewe, maana mficha uchi hazai.

Nina kachumba kangu hapa Mpanda mjini ambako nakaita studio. Vyombo vyenyewe si vya kutisha: laptopu, saundi kadi, maiki moja ya kondensa na kinanda kidogo cha MIDI. Laptopu ina matundu mawili ya USB, na moja lilikuwa limekufa. Basi nikanunua habu, kile kidude kinachogawa tundu moja kuwa manne. Buku kumi tu! Nikajiona mjanja.

Jumamosi moja ikaja kwaya kutoka kijijini, watu kumi na wawili. Walikuwa wamechangishana fedha za mavuno, na jioni ile ile walitakiwa wapande gari warudi. Mwimbishaji wao, mama mmoja mwenye sauti ya kukutoa machozi, akaanza. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili, spika zikaanza kukwaruza kama mtu anakaanga bisi, mara paap! Saundi kadi ikazima. Nikachomoa, nikachomeka, tukarudia. Wapi! Mara nne. Mama wa watu sauti ikamkauka, na gari likawa linasubiri. Nikawarudishia fedha zao zote, aibu nikabaki nayo.

Mwanzoni nilidhani ni kasi ndogo. Kumbe wala! USB 2.0 hupitisha hadi biti milioni 480 kwa sekunde, wakati kurekodi hata maiki mbili kwa ubora wa kawaida wa studio hakufiki biti milioni 3. Tatizo lilikuwa chakula, yaani umeme. Tundu moja la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na habu isiyo na adapta haiongezi hata chembe. Inagawa kile kile kidogo. Mimi pale nilichomeka saundi kadi, kinanda na diski ya nje, na mdogo wangu naye akachomeka simu yake kuchaji! Bado ile maiki ya kondensa inadai volti 48 kutoka kwa saundi kadi hiyo hiyo. Sufuria moja ya ugali, walaji wanne wenye njaa. Lazima mmoja azimie.

Nimekoma. Fundi kanifufulia lile tundu bovu, sasa saundi kadi inakaa peke yake kwenye laptopu. Kinanda, kipanya na diski viko kwenye habu yenye adapta ya ukutani. Si unajua tena, umeme ukikatika habu inalala, lakini laptopu ina betri, saundi kadi inaendelea kudaka sauti. Na wimbo nauhifadhi kwanza ndani ya laptopu, diski ya nje baadaye. Simu? Ichajiwe ukutani huko!

Wale wanakwaya nimewaomba waje tena, safari hii bure. Yule mama kakubali, baada ya mavuno. Vijana wenzangu wa studio za chumbani, rahisi ghali. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!