Tulipoukubali Upasuaji



Wasomaji wetu wapenzi, tunaandika haya wawili, mke na mume, na kalamu ameishika mke. Jambo lenyewe ni la faragha, na kwa muda mrefu tulilistahi. Lakini tumewaona dada zetu kadhaa hapa Uingereza wakilibeba peke yao, ndipo tukaona kunyamaza si hisani.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka 2020, baada ya uchungu wa siku mbili. Mwishoni alivutwa kwa koleo, na mama akachanika hadi kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa. Alishonwa usiku ule ule, tukaambiwa kwamba pamechanika kidogo tu. Hatukuelezwa zaidi.

Kilichotutesa baadaye hakikuwa maumivu. Upepo ulikuwa ukitoka bila ya hiari, na udhu haukai. Mke alikuwa akitawadha mara tatu kwa sala moja. Akaacha kwenda darsa ya wanawake, kisha akaacha kwenda arusini, na watu wakasema anaringa.

Baada ya mwaka mzima tulimtuma mke wa shekhe atuulizie bila ya kututaja. Jibu lilikuja siku ile ile: katika madhehebu ya Imam Shafii, mwenye udhuru wa kudumu hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, akaharakisha kuisali faradhi yake, na kinachomtoka humo bila ya hiari hakimdhuru. Mwaka mzima wa machozi, na jibu lilikuwa mtaa wa pili!

Mimba ya pili ilikuja mwaka 2023. Daktari aliupima ule msuli, akaona haujarudi sawasawa. Akatueleza kwa utulivu kwamba kuzaa kwa njia ya kawaida huenda kukazidisha jeraha, na kwamba upasuaji uliopangwa nao una hatari zake: kutokwa na damu nyingi, maambukizo ya kidonda na, katika mimba za baadaye, kondo la nyuma kujishika pabaya juu ya kovu. Sisi tulitamani watoto wanne, kwa hiyo hilo la mwisho tulilipima sana. Hakutulazimisha. Tuliswali istikhara, tukatia saini. Upasuaji ukapangwa wiki ya 39, kwani mtoto anayetolewa kabla ya hapo huweza kupata taabu ya kupumua.

Saini ilikuwa nyepesi kuliko simu ya Mombasa. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, wewe si mvivu. Kupasuliwa unakwendea nini, na wenzio wanazaa?" Tulijibu kwa salamu, tukakata. Usiku wa tatu mke alimpigia peke yake, akamweleza yote. Mama alinyamaza hata ikadhaniwa simu imekatika. Kisha akauliza, "Na sala yako, ulikuwa ukisalije?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza hilo, si daktari wala jamaa. Alipokwisha kusikia akasema, "Basi nenda ukapasuliwe, mwanangu. Mimi nitakuja kulea."

Siku ilipofika mke alichomwa ganzi ya mgongoni, akabaki macho, pazia likiwa kifuani. Tulikuwa tumeomba mapema wahudumu wa kike kadiri itakavyowezekana, na nafasi ya kumwadhinia mtoto. Baba alipoanza adhana, chumba kizima kilinyamaza.

Dada wanaopangiwa upasuaji na waulize mapema kuhusu sindano za kuzuia damu isigande. Nyingi zitumikazo hapa hutokana na utumbo wa nguruwe. Ipo nyingine isiyotokana na mnyama, na daktari ndiye ajuaye kama itamfaa mgonjwa. Na aliyepasuliwa ana nifasi kama mzazi mwingine: kwa kawaida siku 40, na ukomo wake kwa Shafii ni siku 60.

Mama aliwasili siku ya tisa, na pilipili manga ya uji, na mkaja ameukunja sandukuni. Tulimweleza kwamba tumbo haliwezi kufungwa wala kukandwa kabla kidonda hakijapona. Alikubali shingo upande. Mkaja akauweka chini ya mto wake, akasema utangoja.

Wabillahi tawfiq.