Mitandao ya Neva na Laana ya Vipimo Vingi

Wengi wetu tumesikia kwamba mashine ziitwazo mitandao ya neva zaweza kujifunza jambo lo lote. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa gharama gani?

Tuseme mavuno ya shamba yategemea mvua tu. Tukichora grafu, mstari wake hupanda na kushuka polepole bila kuvunjika ghafula. Kanuni ya namna hii huitwa laini. Tukifanya majaribio kwa viwango 10 vya mvua, twaweza kuyakisia mavuno ya viwango vilivyo katikati. Lakini tukiongeza mbolea, majaribio huwa 10 mara 10, yaani 100. Mambo yakiwa 10, majaribio ni 10,000,000,000. Mtu akifanya moja kila sekunde, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 300! Katika hesabu kila jambo la namna hiyo huitwa kipimo. Ndiyo sababu mwaka 1957 Richard Bellman, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, aliiita shida hii laana ya vipimo vingi.

Mtandao wa neva una sehemu ndogo nyingi ziitwazo seli. Kila seli huzidisha namba zinazoingia kwa uzito wake, huzijumlisha, kisha huipitisha jumla hiyo katika mstari uliopinda. Majibu ya seli zote hujumlishwa tena. Mwaka 1989 George Cybenko alithibitisha kwamba seli zikitosha, mtandao waweza kuikaribia kanuni yo yote isiyokatika, kwa kadiri tutakayo. Haba na haba hujaza kibaba; lakini hakusema ni haba ngapi.

Mwaka 1993 Andrew Barron alilijibu swali hilo. Alichukua kanuni zenye ulaini wa aina fulani, yaani zisizo na mawimbi mengi ya haraka. Kwa hizo, seli zikizidishwa mara 10, kikomo cha wastani wa makosa yaliyopigwa kipeo cha pili hugawanywa kwa 10, vipimo viwe 2 au 100. Njia zinazochagua mistari yake kabla ya kuijua kanuni haziwezi hivyo: kwa vipimo 10, huenda zikahitaji mistari mara 100,000. Mtandao ni kama fundi cherehani anayempima mteja kwanza, ndipo akate kitambaa.

Hata hivyo kuna sharti. Kikomo hicho huzidishwa kwa namba itokayo katika kanuni yenyewe, na kwa kanuni nyingi namba hiyo hukua upesi vipimo vinapoongezeka. Hapo laana imerudi. Tena, kujua kwamba uzito ufaao upo si sawa na kuupata.

Basi, mwenzangu, ukiambiwa mashine yaweza kujifunza lo lote, uliza mawili: kwa seli ngapi, na kanuni hiyo ni laini kiasi gani?