Moshi Mweusi wa Pikapu: Usikimbilie Kushusha Injini

Kama waishi Mwanza na pikapu ndiyo inayolisha nyumba yako, huenda umekwisha kuisikia hukumu hii: "Injini imechoka, ishushwe." Shemeji yangu, mchukuzi wa samaki wa Kirumba, aliambiwa hivyo baada ya gari lake la dizeli kuanza kutoa moshi mweusi na kushindwa kupanda kilima cha Bugando likiwa na mzigo. Fedha alizotajiwa zilikuwa karo ya watoto wawili. Dada yangu, mtunza akiba ya nyumba, akakataa kuzitoa mpaka aelezwe ni kitu gani hasa kilichoharibika. Mimi naona alikuwa na haki.

Rangi ya moshi ina maana yake. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ringi za pistoni zastahili kushukiwa. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto waweza kuwa maji yaliyopenya ndani au dizeli isiyoungua. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha. Basi kabla ya kuuliza injini ina umri gani, yafaa kuuliza hewa imezuiwa wapi. Anza na chujio la hewa, kwani kulitazama hakugharimu kitu. Tena tukumbuke kwamba ziwa letu liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari; hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika kumi, na kasoro isiyoonekana kule pwani huku huonekana.

Chujio likiwa safi, itazame valvu ya kurudisha moshi, ambayo mafundi huitaja kwa herufi zake tatu, EGR. Kazi yake ni kuchukua sehemu ya moshi na kuirudisha kwenye njia ya hewa, ili joto la mwako lipungue. Joto likizidi huzaa oksidi za naitrojeni, gesi zenye kudhuru mapafu. Ni chombo chema kilichowekwa mahali pabaya. Masizi hukutana hapo na mvuke wa oili, yakagandamana kama lami, na injini kunguruma muda mrefu bila mwendo huzidisha jambo hilo. Madereva waliokuwa wakipanga foleni ya kivuko pale Kigongo, kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, watanielewa. Valvu ikiganda wazi, moshi hukalia nafasi ya hewa wakati wote: nguvu hupotea na bomba hutoa weusi.

Jaribio lake ni la asubuhi, injini ikiwa baridi, na gari liwe nje, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa. Washa, uiache ingurume taratibu. Baada ya dakika chache tu, sogeza mkono kwa tahadhari karibu na kipande cha bomba kinachotoka kwenye valvu kuelekea njia ya hewa. Katika magari mengi valvu hufungwa wakati injini ni baridi. Kipande hicho kikipata moto upesi, inavuja.

Katika pikapu za zamani valvu hufunguliwa kwa mvuto wa hewa upitao katika mpira mwembamba. Chomoa mpira huo na uuzibe kwa bolti safi, kisha uendeshe gari. Moshi ukipungua, valvu yenyewe haina kosa. Inaamriwa kufunguka wakati usiofaa. Moshi usipopungua, ifunguliwe itazamwe. Pikapu za siku hizi zina valvu ya umeme, na mashine ya fundi husoma namba: P0401 ni moshi unaorudi kidogo mno, P0402 ni unaorudi kupita kiasi. Lakini namba hiyo si hati ya kununulia valvu mpya, kwa maana njia iliyoziba kwa masizi huweza kutoa namba ya kwanza vilevile.

Wako mafundi watakaokushauri uizibe kabisa kwa kipande cha bati. Gari hupata nguvu, sikatai. Lakini hapo oksidi zile huongezeka, na wanaozivuta ni akina mama wauza dagaa kando ya barabara na watoto waendao shule kwa miguu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kuisafisha ni kazi ya nusu siku: spana, brashi, dawa ya kuondolea masizi, na gasketi mpya. Kiwambo cha mpira kisiloweshwe dawa hiyo, kitaharibika.

Valvu ya shemeji ilikutwa imeganda wazi, na njia yake imebaki tundu la kupitisha kidole kidogo. Injini haikushushwa. Bugando sasa anaipanda na mzigo wake, akitoa moshi kidogo penye mwinuko mkali. Dada alidai aonyeshwe masizi yaliyotolewa, akaletewa ndani ya kopo la maziwa, ndipo akalipa.