Bei ya Gari la Familia: Mama Naye Aketi Mezani

Katika familia nyingi za mjini, gari ndicho kitu cha thamani kubwa baada ya kiwanja na nyumba. Hata hivyo, tukiulizana sisi akina mama, wengi tutasema kwamba gari la nyumbani tuliliona kwa mara ya kwanza siku lilipoingia getini likipiga honi. Bei yake tuliambiwa baadaye. Wengine waliijua mwezi wa Januari, ada za watoto zilipokosa pa kutoka.

Siku hizi gari linalotamaniwa sana na wenye watoto ni lile la juu, lenye nafasi ya mizigo nyuma: RAV4, X-Trail, Harrier na mengine ya aina hiyo. Sababu zake zinaeleweka. Barabara za mitaani zina mashimo, na masika yakianza gari la chini hukwama. Tena kuna safari za kijijini, ambako mtu haendi na mkoba mmoja. Muuzaji anayajua haya yote. Anajua pia kwamba mteja akishapanda na kushika usukani, moyo wake umekwisha kununua.

Tuseme mapema kwamba hapa tunazungumzia gari "jipya" kwa maana inayotumika sana kwetu Tanzania: gari lililotumika Japani, likaletwa kwa meli, na halijatembea katika barabara zetu. Kulipata kwa bei ya haki kunawezekana, lakini kazi kubwa hufanyika kabla ya kufika yadi.

Mazungumzo ya kwanza ni ya nyumbani

Baba na mama wakae, waandike kwenye daftari mambo matatu. La kwanza ni pesa iliyopo mkononi. La pili ni pesa isiyoguswa: ada, kodi ya nyumba, akiba ya matibabu, mchango wa kikundi. La tatu ni kikomo, yaani kiasi ambacho kikizidi hata kidogo, wote wawili wanaondoka. Kikomo hicho kiwe cha gari likiwa tayari barabarani, pamoja na bima na mafuta ya mwezi wa kwanza. Anayetoa yote aliyonayo yadi huegesha gari uani na kupanda daladala.

Kama pesa ni ya mkopo, mama asome karatasi zote. Nyumba mnayoishi ikiwekwa dhamana, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Sahihi yako si ya kukamilisha fomu tu. Uliza riba ni kiasi gani, jumla mtakayolipa hadi mwisho ni kiasi gani, na mkichelewa mwezi mmoja itakuwaje. Usikubali kuelezwa kiasi cha kila mwezi peke yake, maana mzigo mkubwa ukikatwa vipande vidogo huonekana mwepesi.

Fahamu hesabu ya gari

Mnunuzi asiyejua gari limefikaje bandarini hana la kusema akiambiwa bei. Hesabu yenyewe si ngumu. Huanza na bei ya gari Japani pamoja na nauli ya meli na bima hadi Dar es Salaam, ambayo wafanyabiashara huiita CIF. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, halafu ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 18. Kila kodi hupigwa juu ya jumla iliyotangulia.

Tuchukue mfano wa gari lenye injini isiyozidi cc 2000, ambalo halijafikisha miaka 8 tangu litengenezwe, na thamani yake ya CIF ni shilingi 20,000,000. Ushuru wa forodha ni 5,000,000, jumla inakuwa 25,000,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 ni 1,250,000, tunafika 26,250,000. VAT ni 4,725,000. Jumla ni 30,975,000, kabla ya tozo nyingine ndogo, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili.

Gari lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi miaka 10 ushuru huo hupanda zaidi. Injini inayozidi cc 2000 nayo hulipiwa ushuru mkubwa zaidi wa bidhaa. Kwa hiyo magari mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kupishana kwa mamilioni. Mamlaka ya Mapato, TRA, ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika kwenye mtandao wake. Unajaza aina ya gari, mwaka na injini, nacho kinakuonyesha thamani inayotumiwa na Mamlaka pamoja na kodi zote. Mwombe kijana wa nyumbani akusaidie. Halafu ulizia gari la aina na mwaka uleule katika yadi tatu tofauti, uandike.

Gari nalo lipimwe

Sisi wauguzi hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Gari nalo lipimwe kabla ya kutajiana bei. Nendeni na fundi wenu mnayemwamini, si fundi wa kuazimwa palepale yadi, na mlipeni hata kama hamtanunua.

Mama naye ana macho. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, uilinganishe na ile iliyo kwenye hati iliyotoka na gari Japani. Hati hiyo huonyesha mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Angalia mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Kama vimechakaa huku kipimo cha kilomita kikionyesha namba ndogo, uliza. Kama gari lilinunuliwa mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Alama ya R au RA juu yake kwa kawaida ina maana kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa.

Ubavuni mwa tairi kuna namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 1419 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka. Kisha washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mfuko wa hewa iwake, halafu izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameikata ili kuficha kwamba mfuko haupo. Sisi tunaopokea majeruhi wa barabarani tunasema hivi: mkanda na mfuko wa hewa visiwe vitu vya kuachia ili bei ishuke.

Mbele ya muuzaji

Wakati fulani tulisindikiza familia moja ya jumuiya yetu kununua gari linalofanana na lile la mfano wetu. Muuzaji alitaja milioni 40. Kikomo cha wenye gari kilikuwa milioni 36 na nusu, nao walikuwa wamepatana kwamba mama ndiye atakayezungumza, na hakuna atakayesema "ndiyo" kabla wote wawili hawajatoka nje kwanza.

"Mzee, hili halipungui," muuzaji alimwambia baba. "Kuna mteja anakuja kulichukua saa kumi."

"Akija mwambie amepata gari zuri," mama akajibu. "Ila sisi tuna hesabu yetu, kaka. Naomba tuiangalie pamoja."

Akafungua daftari. Kodi zilikuwa pale, gharama za bandari na usajili zilikuwa pale, na jumla ilikaribia milioni 33. Akaonyesha pia kwamba matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamepita miaka sita. Akataja milioni 35.

"Mama, hapo unanifukuza mjini!" Muuzaji alicheka, akashuka hadi 38 na nusu, akagoma.

Walitoka nje ya geti. Baba alikuwa amelipenda gari lile, akasema kwa sauti ya chini kwamba milioni mbili tu zingeweza kutafutwa. "Zipo," mama akamwambia, "lakini ni ada ya Januari. Tukizichukua leo, Januari tutamwambia nini mtoto?" Baba alinyamaza kidogo, kisha akarudi ndani yeye mwenyewe, akamshukuru muuzaji na kumwachia namba ya simu. Siku ya tatu simu ililia. Walimaliza kwa milioni 36, na matairi mawili mapya juu yake.

Hapakuwa na ujanja wa ajabu. Hakuna aliyelisifia gari mbele ya mwenye mali, hakuna aliyetaja pesa waliyokuwa nayo, na mume na mke hawakubishana mbele ya watu. Kilichomrudisha muuzaji ni kuona kwamba hawa wanaijua hesabu na wanaweza kuondoka.

Haki iende pande zote mbili

Kupatana bei si kumkaba mtu. Muuzaji ameweka mtaji wake, amesubiri meli, amelipa walinzi na pango la yadi. Anastahili faida. Msimdanganye kwamba mmepata bei ya chini kwingine kama hamkuipata, wala msiukosoe mlango usio na kasoro.

Naye akiwaambia kwamba mtalipa kiasi hiki lakini risiti iandikwe pungufu, mkatae. Siku mkitaka kudai haki, mtakuwa na karatasi inayosema uongo. Na akitaja bei kwa dola, mwombeni aseme kwa shilingi: kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutangaza na kulipa bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Kabla pesa haijatoka

Kama kuna dalali, ulizeni mapema nani anamlipa na kiasi gani, kiingie kwenye hesabu. Kishika uchumba kitolewe baada ya fundi kumaliza kazi, tena kwa maandishi yanayosema kitarudishwa katika hali gani. Malipo makubwa yapitie benki, na mdai risiti ya EFD yenye bei kamili. Andikeni yote mliyoahidiwa: ufunguo wa pili, jeki, tairi la akiba, usajili. Ahadi ya mdomo huishia getini.

Kadi ya gari isomwe jina na namba ya chesisi kabla ya kuondoka, na bima ikatwe siku hiyohiyo. Gari la thamani hiyo linastahili bima kubwa. Bima ndogo humlipa uliyemgonga. Gari lako likiharibika, utalitengeneza kwa pesa yako.

Daftari lile la hesabu lisitupwe. Lihifadhiwe pamoja na kadi, na kurasa zilizobaki ziandikwe tarehe za kubadilisha oili, breki na matairi. Siku mtakapotaka kuliuza gari hilo, mnunuzi wenu naye atakuja na maswali yake, nanyi mtamfungulia daftari asome.