Besiboli ya Uganda: Kipaji tunacho, karatasi je?

Wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanaijua hali hii: mzigo ni halali, ushuru umelipwa, lakini karatasi moja ikikosekana lori halivuki. Mwaka 2011 hali hiyo iliwakuta watoto wa Kampala. Mzigo wao ulikuwa kipaji.

Watoto hao walikuwa mabingwa wa Mashariki ya Kati na Afrika katika besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Walitakiwa kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ambako hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika. Wakanyimwa viza: umri na tarehe za kuzaliwa katika hati zao havikulingana. Wenzao wa Saudi Arabia, waliokuwa wamewashinda, ndio wakaenda.

Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, ambao wangekutana nao huko, walifunga safari hadi Uganda ili mechi ile ichezwe. Uganda ilishinda 2-1. Agosti mwaka huohuo timu ya Lugazi ilipata viza, ikawa ya kwanza kutoka Afrika. Ilifungwa na Panama na Mexico, lakini ikawalaza watoto wa Gresham, Oregon, 3-2. Mwaka 2015 Waganda walirudi, wakaichapa Jamhuri ya Dominika 4-1.

Hatimaye mchezo ukawa kazi. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji, walitia saini mkataba na Los Angeles Dodgers. Katika besiboli ya kulipwa, klabu haiangalii nguvu za mkono tu. Inataka kujua pia mkono huo una miaka mingapi.

Mimi nilisomea uhamishoni. Tuliporudi, mzee wetu alikuwa na vyeti vya shule vilivyofungwa kwenye kitenge, lakini cha kuzaliwa hakikuwamo. Nami ni mwalimu leo, na darasani kwangu wapo watoto ambao ukiwauliza walizaliwa lini, wanajibu: "Wakati wa mavuno."

Ndugu msomaji uliyerudi, nawe unayelala leo Kampala na kesho Busia, usingoje mtoto aitwe ndipo uanze kutafuta tarehe. Mwandikishe NIRA mapema, na tarehe iwe ya kweli. Kipaji hujitokeza chenyewe uwanjani. Karatasi haijitokezi.